Barabara za Madurai

Aliyepata kusafiri kwa basi wakati wa masika ajua jinsi barabara inavyokufa. Maji hupenya ufa, yakaingia baina ya lami na kokoto. Lami ikabanduka, gurudumu likapita, na baada ya siku chache pana shimo la kumeza tairi. Twalilaumu lori, kumbe mara nyingi mwenye hatia ni maji.

Mtu mmoja aliyelitafakari jambo hili ni Profesa Rajagopalan Vasudevan, mwalimu wa kemia katika Chuo cha Uhandisi cha Thiagarajar, mjini Madurai, kusini mwa India. Wakati huo plastiki zilikwisha kuziba mifereji ya miji ya huko, kama zilivyoziba mifereji yetu. Wengi walitaka zipigwe marufuku, basi. Yeye aliona kwamba plastiki na lami zote mbili zatokana na mafuta ya petroli, akasema moyoni kwamba ndugu hao huenda wakapatana.

Njia yake haina miujiza. Taka husafishwa, hukaushwa na kukatwa vipande vidogo. Kokoto hupashwa moto kufikia kadiri ya digrii 170, kisha vipande humwagwa juu yake, navyo huyeyuka mara moja na kulivika kila jiwe ngozi nyembamba. Ndipo lami inapotiwa. Jiwe lililovikwa hivyo halinywi maji, na lami huling'ang'ania. Kilomita moja ya barabara nyembamba hutumia kama tani moja ya plastiki, na lami hupungua kwa kadiri ya sehemu moja katika kumi. Kwa nchi inunuayo lami ng'ambo, akiba hiyo si ya kudharauliwa. Mwaka 2015 Serikali ya India iliagiza njia hii itumike katika barabara zilizo karibu na miji yenye watu zaidi ya 500,000, na mwaka 2018 ikamtunukia Profesa nishani ya Padma Shri.

Hata hivyo, tusishangilie kwa macho yaliyofumbwa. Plastiki ya mabomba, iitwayo PVC, haifai kabisa, kwani ikipata moto mkali hutoa hewa ya sumu, na wa kwanza kuivuta ni kibarua asimamaye penye mtambo. Tena wako wataalamu waulizao, nasi twaona wana haki, vumbi la plastiki litakwenda wapi barabara ikisagika.

Lipo na swali ambalo wahandisi hawaliulizi. Taka ikiwa taka, ni ya yule mama aiokotaye jaani, wala hakuna agombanaye naye. Ikipata bei, je, itakuwa mali ya nani? Mkandarasi hawezi kutandaza hata hatua moja bila mikono ya wale wanaochambua, wakaitenga PVC na mifuko.

Katika jimbo la Kerala, jirani ya Madurai, jibu moja lilijaribiwa mwaka 2017. Wavuvi wa Kollam, ambao zamani waliitupa tena baharini plastiki iliyonaswa nyavuni, walianza kuileta pwani. Hapo bandarini wanawake waliajiriwa kuiosha, kuichambua na kuikata kwa ajili ya barabara, nao walilipwa ujira wa siku kama wafanyakazi wengine.