Springi ya pleti: kimo ni kingine, ugumu ni mwingine

Simama Magogoni bahari ikiwa imekupwa, utazame magari yakiteremka kuingia kwenye kivuko cha Kigamboni. Siku za bamvua maji ya bandari ya Dar es Salaam hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na kivuko hupanda na kushuka nayo. Maji yakijaa, gari huingia karibu sawasawa. Yakipwa, mteremko unakuwa mkali, na pale mlango wa kivuko unapokutana na zege panatokea kona ambayo gari lililokaa chini hulipa kwa bampa yake. Saluni iliyobeba watu watano na mizigo hukwaruza mkia. Pikapu tupu inayofuata haigusi kitu, lakini kila kibonde kidogo kinaitupa juu mpaka dereva anashikilia usukani kwa mikono miwili. La kwanza limekosa kimo. La pili limezidi ugumu. Haya ni mambo mawili tofauti, na kuyachanganya kumewagharimu watu wengi fedha, matairi na migongo.

Ukitoka hapo ukaenda Gerezani, kwenye vipuri, ukasema gari lako limelala nyuma, ushauri utakaoupata haraka ni mmoja: ongeza pleti. Wakati mwingine ni ushauri sahihi. Mara nyingi ni dawa ya ugonjwa mwingine.

Springi ya pleti ni upinde uliolazwa chini ya gari. Pleti za chuma hupangwa moja juu ya nyingine, ndefu kwa fupi, zikabanwa pamoja kwa bolti ya katikati. Ile ndefu kuliko zote ina macho mawili. Jicho la mbele hufungwa kwenye chasisi likiwa na bushi ndani yake. Jicho la nyuma hufungwa kwenye kiungo kinachobembea, kwa sababu upinde ukikandamizwa hunyooka, na ukinyooka hurefuka. Usipoupa nafasi ya kurefuka utang'oa kitu. Ekseli hukaa katikati, imeshikwa kwa yubolti.

Kifaa hiki ni cha zamani kuliko injini. Mwingereza Obadiah Elliott alipata hataza ya springi za namna hii kwa magari ya farasi mwaka 1804. Ford Mustang ilipotoka 1964 nyuma yake ilikaa juu ya pleti. Ford Escort iliyoshinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1972, ikiendeshwa na Hannu Mikkola, pia. Land Rover, tangu ile ya kwanza ya 1948 hadi miaka ya mwanzo ya 1980, zilikuwa na pleti mbele na nyuma. Leo Hilux nyingi, Hiace za daladala na malori ya Fuso bado yanatembea nazo, na si kwa ushamba. Springi ya koili hubeba uzito tu, kwa hiyo inahitaji mikono ya chuma ya kuishika ekseli isihame. Pleti hubeba uzito, huishika ekseli mahali pake, na kwa kusuguana kwake husaidia shokapu kutuliza mtikisiko. Kazi tatu kwa mafungu mawili ya chuma.

Kwa nini pleti nyingi, isiwe moja nene? Kwa sababu chuma kikipinda, ngozi ya nje ndiyo inayovutwa zaidi, na kadiri kilivyo kinene ndivyo ngozi hiyo inavyoteseka. Fungu la fito hupinda mahali ambapo gogo la unene huo huo lingepasuka.

Hapa ndipo hesabu inapomshangaza mnunuzi. Ugumu wa pleti haukui sambamba na unene. Hukua kwa kipeo cha tatu. Toka milimita 6 kwenda 7, ugumu unaongezeka kwa karibu asilimia 60. Toka 6 kwenda 8, unakuwa zaidi ya mara mbili. Urefu nao hufanya kinyume: refusha springi kwa asilimia 10 na ugumu unapungua kwa robo nzima. Lakini ukiongeza pleti ya sita kwenye tano zinazofanana nayo, umeongeza sehemu moja ya tano tu. Kwa hiyo anayehesabu pleti bila kupima unene na urefu hajajua ananunua nini. Springi ya pleti 4 inaweza kuwa ngumu kuliko ya pleti 6.

Kimo, kwa upande wake, hutokana na mpindo wa upinde kabla haujabebeshwa kitu. Chukua springi mbili zenye pleti zilezile, unene uleule, moja imepindwa zaidi: zote zitalainika sawa barabarani, ila moja itakaa juu. Basi gari likilala huku likiwa tupu, chuma kimechoka na mpindo umepotea. Gari likikaa vizuri tupu, likalala tu ukipakia magunia, mpindo ni mzima na ugumu ndio haukutoshi. Mwenye gari hili la pili ndiye anayestahili pleti ya ziada. Wa kwanza akiongezewa, atapata kimo na atapata pia gari linaloruka kama pikapu yetu ya Magogoni. Springi iliyobonyea sentimita 25 kwa uzito wa gari hupanda na kushuka mara moja kwa sekunde, mwendo ambao mwili wa binadamu huuvumilia vizuri. Iliyobonyea sentimita 4 tu hutikisa mara mbili na nusu kwa sekunde, na hapo kiuno hakikosi kusema.

Njia nyingine za kuinua gari zina masharti yake. Kuweka bloku kati ya springi na ekseli kunaongeza kimo bila kugusa ugumu. Kurefusha kiungo cha nyuma kunainua ncha moja tu ya springi, kwa hiyo sentimita 5 ulizoongeza zinakupa kama mbili na nusu, huku difu ikiinamishwa na krosi za propela shafti zikianza kulia. Kupasha pleti moto wa mkaa na kuikunja upya hurudisha umbo, lakini chuma cha springi kilipata nguvu yake kwa kupozwa ndani ya mafuta kisha kupashwa tena kwa kipimo. Ukivuruga hayo, kinalala tena upesi au kinakatika.

Bloku ndefu ina hatari yake. Ukikanyaga mafuta, ekseli hutaka kujizungusha kinyume cha magurudumu, na springi hujikunja kama herufi S; ikijiachia, tairi linaruka. Wamarekani walilipata somo hili na magari yao yenye injini kubwa. Chevrolet Camaro ya 1967 ilitoka na pleti moja tu kila upande, matairi yakaruka, na mwaka uliofuata zile zenye nguvu zaidi zikapewa pleti kadhaa. Chrysler waliisogeza ekseli karibu na jicho la mbele, ili sehemu fupi ya springi ifanye kazi ya mkono unaozuia mzunguko. Bloku huuongezea mzunguko huo mtaimbo.

Je, wajua kwamba springi ya kushoto na ya kulia huenda si pacha? Kwenye Land Rover za zamani, ya upande wa dereva ilitengenezwa na mpindo mkubwa kidogo. Muuzaji anayekuuliza "ya upande gani?" anaijua kazi yake.

Jambo la mwisho ndilo linalonikosesha raha kuliko yote. Chini ya Hilux na Hiace nyingi kuna vali ya breki kwenye chasisi, yenye kifimbo kinachoshuka hadi kwenye ekseli. Mzigo ukiongezeka, bodi inashuka, kifimbo kinasukumwa, na vali inaruhusu breki za nyuma zipate nguvu zaidi. Gari likiwa tupu inazibana, ili magurudumu ya nyuma yasijifunge. Sasa inua bodi sentimita 5 kwa springi mpya: vali itaamini gari ni jepesi hata likiwa na tani moja, na kwenye mteremko wa Kitonga breki za mbele zitafanya kazi ya magurudumu manne.

Kwa hiyo, msomaji, kabla hujaenda Gerezani chukua futikamba. Pima kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi ukingo wa bodi, kushoto na kulia, gari likiwa tupu. Kisha pima tena likiwa na mzigo wako wa kila siku. Nenda na namba hizo nne. Na kazi ikiisha, usilipe mpaka fundi amekulaza chini ya gari akakuonyesha kwa kidole kwamba kifimbo cha vali ya breki kimerekebishwa.