Ua wa waya ni mtihani wa jicho, si wa tarakilishi

Wahenga walinena kuwa mwenye macho haambiwi tazama. Ni methali nzuri, lakini kila nikaguapo mandhari ambayo wanafunzi wetu huunda kwa tarakilishi, nasadiki kwamba mwenye macho anahitaji kuambiwa atazame, tena aambiwe zaidi ya mara moja. Aghalabu jengo la shule huwa limesimama vyema, miti ina majani na mbingu ina mawingu. Kisha jicho hufika kwenye ua wa waya unaozunguka uwanja, na hapo uongo wote hufichuka. Waya hung'aa kama sahani ya plastiki, doa lile lile la kutu hujirudia kila baada ya hatua mbili, na kivuli cha ua huanguka ardhini kikiwa kizima kama cha ukuta wa mawe.

Wapo watakaosema kwamba kasoro hizi zatokana na uchache wa mashine zenye nguvu katika shule zetu. Mimi nakataa. Uchache huo upo, wala sitaki kuupuuza, lakini si wao unaotia doa la kutu mahali ambapo kutu haishiki. Kasoro hutoka kwa mwanafunzi ambaye hajawahi kusimama mbele ya ua wa kweli akautazama, na kwa mwalimu ambaye hakumtuma kufanya hivyo.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo itakayotuonyesha kwa nini ua ni kitu kigumu kuigiza. Chukua ua wenye urefu wa mita 100 na kimo cha mita 2, uliosukwa kwa matundu ya pande nne sawa yaliyosimama kwa ncha kama uru ya karata. Kila upande wa tundu una milimita 50. Eneo la ua ni mita mraba 200, na eneo la tundu moja ni milimita mraba 2,500. Gawanya, nawe utapata matundu 80,000. Kila tundu lina pande nne, lakini kila upande hushirikiwa na matundu mawili. Kwa hiyo vipande vya waya ni takriban 160,000. Tarakilishi huunda maumbo kwa kuunganisha pembetatu ndogondogo. Kipande kimoja kikifanywa bomba la nyuso 6, kila uso ukiwa na pembetatu 2, tutahitaji pembetatu 12 kwa kipande hicho. Ua mzima utadai pembetatu 1,920,000, na bado hatujajenga hata darasa moja!

Dawa ya tatizo hili ilipatikana zamani. Mnamo mwaka wa 1974, Edwin Catmull, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Utah nchini Marekani, alieleza katika tasnifu yake ya uzamifu jinsi picha bapa inavyoweza kuvikwa juu ya umbo kama nguo juu ya mwili. Picha ya namna hiyo huitwa teksicha, neno ambalo asili yake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kufuma. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Catmull na mwenzake Alvy Ray Smith waliongeza kiasi cha nne juu ya rangi tatu za kila pikseli, yaani nyekundu, kijani na samawati. Kiasi hicho walikiita alfa. Kwa kawaida alfa huhesabiwa kutoka 0 hadi 255: penye 0 hapaonekani kitu, na penye 255 pamejaa. Kwa hiyo waya wa ua hupewa 255, tundu hupewa 0, na ua uliodai pembetatu karibu milioni mbili sasa hutosheka na pembetatu 2 tu.

Hapo ndipo wanafunzi wengi huweka kalamu chini wakidhani kazi imekwisha. La hasha, kazi ndiyo kwanza inaanza.

Jambo la kwanza ni umbali. Waya wenye unene wa milimita 2.5 ukisukwa kwa matundu ya milimita 50 hufunika takriban sehemu 1 kwa 10 ya eneo la ua. Sehemu 9 ni hewa. Ua ukiwa mbali, tarakilishi hutumia nakala ndogo za picha ile, mbinu ambayo Lance Williams aliifafanua mwaka wa 1983. Katika nakala hizo, pikseli moja hubeba wastani wa waya na hewa, na alfa yake hushuka hadi karibu 25. Programu ikiwa imeamriwa kufuta kila pikseli isiyofikia nusu, yaani 128, ua wote hutoweka ukiwa umbali wa mita chache tu. Mwanafunzi hushangaa na kuilaumu mashine. Lakini angeutazama ua wa shule yake kutoka upande wa pili wa uwanja, angeona kwamba hautoweki, wala nyaya zake hazionekani moja moja. Hugeuka utando mwembamba wa kijivu, kama moshi wa kuni. Basi na afuate alichokiona: auchanganye ua wa mbali na rangi za nyuma yake badala ya kuufuta.

Jambo la pili ni metali yenyewe. Mwaka wa 1981, Robert Cook na Kenneth Torrance walieleza sababu ya vyombo vya metali kufanana na plastiki katika picha za tarakilishi. Mng'ao wa plastiki huchukua rangi ya taa inayoimulika. Mng'ao wa metali huchukua rangi ya metali hiyo. Leo programu kama Blender, ambayo msimbo wake ulifunguliwa kwa umma mwaka wa 2002 na ambayo hailipiwi, humruhusu mwanafunzi kuonyesha ni wapi pana metali na wapi hapana, na ni wapi pamelainika na wapi pamekwaruza. Lakini programu haijui kwamba kutu si metali tena. Kutu ni chuma kilichoungana na oksijeni, na haiakisi kama waya mpya. Anayeipaka rangi ya kahawia kisha akaiacha ing'ae atakuwa amechora shaba, si kutu.

Tena, kutu ina tabia zake. Waya wa ua hupakwa zinki, na zinki hiyo huliwa kwanza ili chuma kisalimike. Kwa hiyo kutu haizuki popote. Hutangulia kwenye ncha zilizokatwa, mahali nyaya mbili zinaposuguana, na chini kabisa ambapo waya hugusa udongo wenye unyevu. Penye parafujo kuukuu, mvua huteremsha michirizi ya kahawia juu ya nguzo. Ua wa Mombasa au Lamu, unaopigwa na hewa yenye chumvi, huchakaa upesi kuliko ua wa Wajir kwenye ukavu. Mtoto aliyekulia Pwani anayajua haya bila kufundishwa. Kilichobaki ni mwalimu kumwonyesha kwamba maarifa hayo yana kazi darasani.

Najua nitaambiwa kwamba intaneti imejaa picha za nyua, tena nyingine ni za bure. Ni kweli, na mwanafunzi anayeanza na azitumie. Lakini ua uliopigwa picha Ulaya umechakaa kwa mvua na baridi za huko, na nyuma yake kuna mwanga wa huko. Akiuzungushia uwanja wa shule ya Kilifi, atakuwa ametuonyesha Kilifi isiyokuwapo. Huenda wengine wakaliona hilo kuwa dogo. Si dogo hata kidogo. Vijana hawa ndio watakaochora nyumba zinazouzwa kabla ya kujengwa, na filamu ambazo watoto wetu watazitazama. Asiyeweza kuwa mkweli kuhusu waya wa shilingi chache atakuwaje mkweli kuhusu mtaa mzima?

Kwa hivyo nawaomba walimu wajaribu somo moja rahisi. Mtaala wa umilisi unasisitiza vitendo, na hiki ni kitendo kisichohitaji fedha. Watoeni wanafunzi nje wakiwa na rula, daftari na simu moja. Wapime tundu na unene wa waya. Wahesabu matundu ya ua wote kabla ya kugusa tarakilishi. Wapige picha wakiuelekea ua moja kwa moja, siku ya mawingu, kama zile za Julai jijini Nairobi, ili kivuli kisinaswe ndani ya teksicha. Waikate picha mahali msuko unapojirudia, ili ukingo wa kushoto uungane na wa kulia bila mshono. Kutu waiweke kwenye picha ya pili iliyo pana zaidi, doa moja lisije likajirudia. Mwishowe wakague kivuli cha ua saa nne za asubuhi, kisha wahakikishe kwamba taa ya programu yao nayo inaisoma alfa, ili mwanga upite matunduni.

Ikiwezekana, wampitie pia fundi wa jua kali anayesuka waya. Wamwone akizungusha mkono wa mashine yake, waya ukitoka umekunjwa mshazari na kuingizwa katika wenzake mmoja baada ya mwingine. Yeye hajasoma tasnifu yoyote, lakini anajua waya upi umepita juu na upi umepita chini. Hilo ndilo swali ambalo ningemuuliza mwanafunzi yeyote kabla ya kumpa alama. Asiyeweza kulijibu, na arudishwe uani, si kwenye tarakilishi.