Hodi Nyumbani kwa Askari

Je, askari akivaa sare huvua haki zake? Katiba ya Marekani, tangu mwaka 1791, yakataza kupekua nyumba za watu ovyo. Lakini kanuni za ushahidi za mahakama za kijeshi, zilizoanza mwaka 1980, zamruhusu kamanda kukagua mabweni ya kambini kwa ajili ya usalama, usafi na nidhamu, si kwa shabaha ya kutafuta ushahidi wa kumshtaki mtu. Na nyumba aliyopanga askari uraiani, kwa kawaida hupekuliwa kwa ridhaa yake au kwa hati ya hakimu.

Sisi twauona mpaka huo kuwa wa haki. Nidhamu ni nguzo ya jeshi, lakini mke na watoto hawakula kiapo. Mkubwa naye na apige hodi.