Vidinić na Dakika ya 21

Jioni, kando ya Uwanja wa Lumumba hapa Kisangani, wenye pikipiki na wenye baiskeli za toleka wanapongoja abiria wa mwisho wa Mangobo na Kabondo, mazungumzo ya mpira huanza na mechi ya jana na kuishia mwaka 1974. Mzee aliyesikiliza mechi za Kombe la Dunia la mwaka huo kwenye redio ya jirani husema neno moja tu: "Alituuza." Kijana aliyezaliwa miaka 25 baadaye humjibu kwa adabu, lakini hakubali: "Papa, atuuze vipi mtu aliyetupa Kombe la Afrika miezi mitatu kabla?" Basi sauti hupanda, na jina la Blagoje Vidinić, Myugoslavia aliyeifundisha timu ya Leopards ya Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati ule, hurushwa huku na huku mpaka giza liingie.

Nimeusikia ubishi huu tangu utotoni na sijawahi kuuchoka. Wanaobishana wanatafuta jibu la swali kubwa: ilikuwaje timu iliyokuwa juu ya Afrika nzima mwezi Machi ikaporomoka mwezi Juni, kisha isiinuke tena kwa miaka mingi? Tatizo ni kwamba wote wawili, mzee na kijana, wanalitafuta jibu hilo kwa mtu mmoja.

Tuanze na mtu huyo, maana wengi wanaomtaja hawajui alitoka wapi. Vidinić alizaliwa Skopje mwaka 1934 na alikuwa kipa. Neno hilo tulishike, tutalihitaji. Alipata medali ya fedha ya Olimpiki kule Melbourne mwaka 1956 na ya dhahabu kule Roma mwaka 1960, na mwaka huohuo wa 1960 alisimama langoni mjini Paris katika fainali ya kwanza kabisa ya Kombe la Mataifa ya Ulaya, Yugoslavia ilipofungwa 2-1 na Umoja wa Kisovieti. Alipokuja Afrika kufundisha, aliipeleka Morocco kwenye Kombe la Dunia la Mexico mwaka 1970. Morocco waliwatangulia Ujerumani Magharibi kwa bao moja kabla ya kupoteza 2-1, na walipotoka sare 1-1 na Bulgaria wakawa timu ya kwanza ya Afrika kupata pointi katika Kombe la Dunia. Kwa hiyo mtu aliyekabidhiwa Leopards hakuwa mgeni wa kubahatisha. Alikuwa na rekodi ambayo kocha mwingine yeyote barani wakati ule angeitamani.

Na aliyoyafanya nasi yako wazi. Desemba 1973 Zaire ilifuzu Kombe la Dunia, nchi ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kufika huko. Machi 1974, Kombe la Afrika lilipochezwa Misri, Leopards walijikuta nyuma 2-0 katika nusu fainali dhidi ya wenyeji, mbele ya umati wao wa Cairo, nao wakageuza matokeo na kushinda 3-2. Fainali dhidi ya Zambia iliisha 2-2 baada ya Wazambia kusawazisha muda wa nyongeza ukiwa unakatika, ikabidi irudiwe siku mbili baadaye. Zaire ikashinda 2-0. Mabao yote manne ya Zaire katika mechi hizo mbili yalifungwa na Ndaye Mulamba wa AS Vita Club, aliyemaliza mashindano na mabao 9. Mpaka leo hakuna mchezaji aliyefikisha idadi hiyo katika Kombe moja la Afrika. Timu inayorudi kutoka nyuma kwa mabao mawili ugenini, kisha ikaenda fainali mbili ndani ya siku tatu bila kukata pumzi, ni timu iliyofundishwa vizuri. Hilo kijana wetu analisema kwa haki.

Kisha likaja Kombe la Dunia kule Ujerumani. Tarehe 14 Juni, Dortmund, Zaire ilifungwa 2-0 na Scotland na ikatoka uwanjani bila aibu, huku kipa Kazadi Mwamba akisifiwa. Siku nne baadaye, Gelsenkirchen, ikakutana na Yugoslavia. Dakika ya 21, matokeo yakiwa 3-0, Vidinić alimtoa Kazadi na kumwingiza Tubilandu Ndimbi, kipa mfupi wa kimo aliyekaa benchi. Kabla Tubilandu hajaizoea nyasi, bao la nne likaingia. Katika vurugu za kulalamikia bao hilo mwamuzi alipigwa teke, naye akamtoa kwa kadi nyekundu Ndaye, mfungaji wetu mkuu, ambaye hakuwa amemgusa. Mwepu Ilunga alikuja kukiri baadaye kwamba mguu ulikuwa wake. Mapumziko yalifika 6-0. Mwisho ulikuwa 9-0.

Hapo ndipo mzee anaposhika shati la mwenzake. Kocha Myugoslavia, wapinzani Wayugoslavia, kipa bora anatolewa mapema bila kuumia: unataka ushahidi gani zaidi?

Tuupime ushahidi huo bila haraka. Kundi lile lilikuwa na hesabu ya ajabu. Brazil, Scotland na Yugoslavia zilitoka sare zenyewe kwa zenyewe katika mechi zote tatu, na kila moja iliifunga Zaire. Zote zikamaliza na pointi 4, tofauti ikawa mabao waliyotufunga sisi. Scotland waliridhika na mawili wakarudi nyumbani bila kupoteza mechi hata moja. Brazil walihitaji matatu, wakayapata, la tatu likipita chini ya Kazadi aliyekuwa amerudishwa langoni. Yugoslavia, iliyokuwa imetoka sare na Brazil siku chache kabla, ilijua kwamba kila bao lina bei, na ndiyo sababu haikusimama hata ilipofika sita. Hawakuhitaji kununua mechi. Walihitaji kuendelea kushambulia timu iliyobaki na watu kumi, ambayo moyo wake ulikuwa umeshavunjika kabla ya filimbi ya kwanza.

Nasema ulikuwa umeshavunjika kwa sababu ya fedha. Baada ya mechi ya Scotland wachezaji walipata habari kwamba posho zao hazitawafikia. Mwepu Ilunga alisimulia miaka mingi baadaye kwamba walikusudia kutocheza kabisa dhidi ya Yugoslavia, na kwamba baada ya 9-0 walinzi wa Rais Mobutu walikuja hotelini na kuwaambia kuwa wakifungwa na Brazil zaidi ya mabao matatu hawatarudi kwao. Ulimwengu unalikumbuka teke lake la mechi ya Brazil, alipotoka mbio kwenye ukuta na kuupiga mbali mpira wa adhabu kabla Wabrazil hawajaupiga wenyewe. Watazamaji wa Ulaya walicheka wakidhani Mwafrika hajui sheria. Mwepu alisema alizijua vizuri. Kila mara nikiiona picha ile ninaona uso wa mtu aliyechoka kutumikishwa, na kicheko kile kinaniuma hadi leo.

Lakini dakika ya 21 haiwezi kufutwa kwa hoja ya posho, na hapa ninaachana na kijana wetu. Vidinić alikuwa kipa. Alikuwa amesimama langoni katika fainali kubwa, alijua mabao matatu ya mapema yanamfanya nini mlinda lango, na alijua zaidi kwamba kipa hatolewi kwa ajili hiyo. Alipoulizwa sababu hakuitoa mara moja. Baadaye alisema kwamba mwakilishi wa wizara ya michezo ndiye aliyemwagiza amtoe Kazadi, naye akatii. Ikiwa ni hivyo, basi hakutuuza kwa Wayugoslavia. Alichokifanya ni kuiachia serikali kazi yake mwenyewe, mbele ya macho ya dunia, katika jambo ambalo yeye alilijua kuliko mtu yeyote aliyekuwa kwenye benchi lile. Naliona hilo kuwa kosa zito. Ni kosa la aina iliyokuwa imeenea Zaire nzima: mkurugenzi, mwalimu, daktari, kila mtu mwenye ujuzi akimtazama kwanza mtu wa chama kabla ya kufanya anachojua kuwa ni sahihi. Mgeni alijifunza upesi desturi za nyumba aliyokaribishwa.

Miaka miwili baada ya Gelsenkirchen alikuwa akiifundisha Colombia. Alifariki mwaka 2006. Sisi tulibaki na yaliyofuata, na hayo hayawezi kuwekwa mlangoni kwake.

Mwaka 1976 Leopards walikwenda Ethiopia kutetea Kombe la Afrika na kutolewa katika hatua ya makundi bila kushinda mechi hata moja. Baada ya hapo jina la Zaire halikuonekana katika mashindano hayo mwaka 1978, wala 1980, wala 1982, wala 1984, wala 1986. Lilirudi mwaka 1988. Kwa upande wa klabu, AS Vita Club ilikuwa bingwa wa Afrika mwaka 1973. Baada ya hapo hakuna klabu ya nchi hii iliyolitwaa taji hilo mpaka TP Mazembe mwaka 2009. Miaka 36! Kizazi kizima kilizaliwa, kikasoma, kikaoa na kuolewa ndani ya pengo hilo. Hakuna badiliko la kipa, hata liwe la kijinga namna gani, linaloweza kuchimba shimo lenye kina hicho.

Lilichimbwa na namna timu ilivyojengwa. Mobutu aliwaita nyumbani wachezaji waliokuwa Ubelgiji, akawazuia waliobaki wasiende kucheza nje, akaigharimia timu ya taifa kutoka ikulu. Kwa muda ilizaa matunda: Kombe la 1968 kule Addis Ababa chini ya Mhungaria Ferenc Csanádi, ambaye hakuna anayemjadili hapa kandokando ya uwanja kwa sababu alishinda na kuondoka, kisha lile la 1974. Lakini mti ule ulikuwa na mzizi mmoja, na mzizi huo ulikuwa hamu ya mtu mmoja. Baada ya Gelsenkirchen hamu ikahamia kwingine. Tarehe 30 Oktoba mwaka uleule Muhammad Ali na George Foreman walipigana Kinshasa na dunia ikaitazama Zaire tena, safari hii bila Leopards. Wakati huohuo bei ya shaba ilikuwa ikianguka, na makampuni yaliyotwaliwa kutoka kwa wageni tangu Novemba 1973 yalikuwa yakififia mikononi mwa waliogawiwa. Fedha ya ikulu ilipokauka, chini yake hapakuwa na kitu kingine cha kuishikilia timu.

Hapa Kisangani tunalijua hilo pengine kuliko wengine, ingawa hatulisemi. Orodha ya wachezaji 22 waliokwenda Ujerumani ilijaa majina kutoka klabu za Vita, Imana na Bilima, za Mazembe na Nyiki; yaani Kinshasa na Lubumbashi. Mji wetu ulikuwa umetoka kwenye uasi wa 1964, ukaja uasi wa askari wa Katanga mwaka 1966, ukaja wa mamluki Julai 1967. Leopards walipolinyanyua kombe Addis Ababa Januari 1968, hata miezi saba haikuwa imepita tangu risasi zilie mitaani kwetu. Kutoka hapa hadi Kinshasa ni kilomita zipatazo 1,700 za mto. Ligi ya mkoa haiwezi kuishi bila meli, bila barabara, bila mtu wa kulipia mipira na viatu, na dola iliyoitegemea timu moja haikuona haja ya hayo. Halafu Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yakapigana mjini kwetu siku sita. Unapokaa na vijana wanaocheza pekupeku kwenye vumbi la Tshopo, wenye vipaji vya kukutoa machozi, ndipo unapoelewa ni wapi mchezo wa nchi hii ulipotelea.

Mazembe inaonyesha upande wa pili. Tajiri Moïse Katumbi aliweka fedha zake katika klabu, akalipa wachezaji kwa wakati, akajenga uwanja, baadaye akaanzisha chuo cha vijana. Kombe la klabu bingwa ya Afrika likaja 2009 na tena 2010, na mwaka huohuo wa 2010 Mazembe wakacheza fainali ya klabu bingwa ya dunia. Nina shaka na mpira unaotegemea mfuko wa tajiri mmoja, kama nilivyo na shaka na ule uliotegemea ikulu. Ila hata ukilipima jambo hilo kwa ukali, wachezaji waliolipwa walicheza.

Ndaye Mulamba alialikwa Tunis mwaka 1994 kwenye Kombe la Afrika, aheshimiwe kwa yale mabao 9. Aliporudi Kinshasa alivamiwa na watu wenye silaha, wakampiga risasi ya mguu. Akaenda kuishi Afrika Kusini. Mwaka 1998, Kombe la Afrika lilipochezwa Burkina Faso, habari za uongo zilisema amekufa, na uwanja mzima ukasimama kimya kwa dakika moja kumwombolezea. Alikuwa hai. Alikufa kweli mwaka 2019, mjini Johannesburg.

Wiki iliyopita, ubishi ulipotulia kidogo, nilimuuliza mzee wetu kama anajua Ndaye alifia wapi. Alinitazama, akautazama ukuta wa uwanja, akasema hajui. Kijana naye hakujua. Tukakaa kimya kidogo, pikipiki zikipita, mpaka mzee akasafisha koo na kuturudisha kwenye dakika ya 21.