Mipaka ya Amri Imegeuka Mipaka ya Fedha

Wapo Wakenya wengi ambao hadi leo ukiwauliza watokako hukujibu "Mkoa wa Magharibi" au "Mkoa wa Kati", ilhali Katiba iliyotangazwa rasmi Agosti 27, 2010 haiitambui mikoa hiyo. Tusiwacheke. Kwa takriban nusu karne, mikoa minane ndiyo iliyokuwa sura ya serikali. Amri ilitoka Ikulu ikamfikia Mkuu wa Mkoa, naye akampa Mkuu wa Wilaya, ikateremka hadi kwa Mkuu wa Tarafa, na hatimaye ikamwangukia mwananchi barazani kwa kinywa cha chifu au naibu wake. Katika ngazi hiyo yote hapakuwa na hata mmoja aliyechaguliwa kwa kura.

Hebu utazame Mkoa wa Mashariki. Makao yake makuu yalikuwa Embu. Ulianzia Machakos na Kitui, ukapita Meru na Isiolo, ukavuka nyanda kame za Marsabit hadi Moyale, mpakani mwa Ethiopia. Mfugaji wa ngamia wa Moyale na mkulima wa kahawa wa Embu waliunganishwa na nini, ila kalamu ya mtawala? Umbo hilo lilitokana na kugawanywa kwa ile wilaya kubwa ya mpakani kaskazini, wakati wa uhuru mwaka 1963. Garissa, Wajir na Mandera zikafanywa Kaskazini Mashariki. Isiolo na Marsabit zikabandikwa Mashariki. Katiba ya uhuru iliyapa majimbo mabunge yao, lakini Kenya ilipokuwa jamhuri Desemba 1964, sehemu kubwa ya mamlaka hayo ilikuwa imerudishwa Nairobi.

Kaunti 47 za leo nazo hazikushuka kutoka mbinguni. Zilijengwa juu ya wilaya zilizoorodheshwa katika sheria ya mwaka 1992. Wilaya zilizoongezwa baadaye, baadhi zikigawiwa jukwaani mithili ya peremende, Mahakama Kuu iliamua mwaka 2009 kwamba hazikuwa na msingi wa kisheria.

Hapa ndipo penye kiini cha ugomvi. Mstari uliochorwa ili Mkuu wa Wilaya ajue amri yake inakomea wapi, sasa unaamua nani atoze ushuru wa soko na kituo cha magari. Unaamua pia hesabu ya watu na eneo, ambayo hutumiwa kugawia kaunti fedha za taifa zisizopungua asilimia 15 ya mapato. Ndiyo sababu Kisumu na Vihiga zimevutana juu ya Maseno, Taita Taveta na Makueni juu ya Mtito Andei, na Taita Taveta hiyo hiyo na Kwale juu ya Mackinnon Road.

Dawa imo katika Kifungu cha 188: Bunge liunde tume huru, kisha mapendekezo yake yaungwe mkono na thuluthi mbili ya wabunge na thuluthi mbili ya wajumbe wa kaunti katika Seneti. Kizingiti ni kirefu, na ni haki kiwe hivyo. Lakini wanasiasa wetu huona wepesi wa kuwachochea vijana mpakani kuliko kuketi na ramani mezani.

Wakati huo, mwenye kibanda Mackinnon Road hadai darasa la historia. Anataka kuambiwa ni kaunti ipi inayostahili kumkatia risiti.