Mzee na Baisikeli Yake

Mtu akisimama asubuhi na mapema katika mji wa Lamadi, wilayani Busega, pale barabara ya Bariadi inapokutana na ile kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma, ataona baisikeli nyingi zikipita. Huyu amefunga madumu ya maji, yule gunia la mkaa, na mwingine anatoka ziwani na dagaa. Lakini azitazame nyuso za wapandao: aghalabu ni vijana. Wazee wako wapi? Wengi wamekaa barazani. Na hao ndio waliozipanda baisikeli ujanani mwao, maana katika nchi ya Wasukuma mkulima aliyeuza pamba yake vema alikuwa akiitamani baisikeli kabla ya vitu vingine vingi.

Mtumishi wa Serikali hustaafu kwa lazima atimizapo miaka 60. Mwalimu aliyezoea kusimama mbele ya ubao kutwa, ghafula hana pa kwenda. Hapo ndipo adui aingiapo polepole bila kubisha hodi: miguu huwa mizito, pumzi hupungua, na magonjwa ya shinikizo la damu na kisukari hupata nafasi. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba watu wazima, hata waliopita miaka 65, wautie mwili kazi ya kiasi kwa dakika 150 hadi 300 kila juma. Hesabu yake si ngumu: nusu saa kwa siku, siku 5 katika juma, yatosha kwa kuanzia.

Kwa nini baisikeli? Kwa sababu uzito wa mwili huchukuliwa na kiti, wala si na magoti. Mtu ambaye magoti yamemuuma akitembea mwendo mrefu, huenda akaweza kukanyaga pedeli bila taabu kubwa. Moyo na mapafu hufanya kazi, mapaja hupata nguvu, na macho hupata cha kutazama. Hata hivyo tusiache kutembea, maana mifupa hupata nguvu zaidi miguu inapobeba uzito wa mwili.

Labda mtu atasema, “Mimi nimechelewa.” Basi na amfikiri Bibi Frances Willard wa Marekani, aliyekuwa kiongozi wa umoja wa wanawake Wakristo waliopigana na ulevi. Alifiwa na mama yake mwaka 1892, naye mwenyewe alikuwa amechoka kwa kazi nyingi. Akiwa na miaka 53 akaanza kujifunza baisikeli. Ilimchukua miezi 3 hivi, kwa wastani wa robo saa kila siku. Na mwaka 1895 akaandika kitabu juu ya mafunzo hayo. Mwaka huohuo, huko Urusi, mwandishi Leo Tolstoy alifiwa na mtoto wake wa mwisho. Naye, akiwa amepita miaka 65, alijifunza kupanda baisikeli. Wote wawili walikuwa na huzuni nzito, wala hawakukubali kuketi nayo tu nyumbani.

Tena yuko Bwana Robert Marchand wa Ufaransa. Aliirudia baisikeli alipokaribia miaka 70. Mwaka 2014, akiwa na miaka 102, alikwenda kilometa 26 na zaidi kwa saa 1 katika uwanja wa mashindano. Alifariki mwaka 2021, akiwa na miaka 109. Hatusemi kwamba kila apandaye atafika umri huo. Twasema tu kwamba miaka 60 si mwisho wa njia.

Sasa tuangalie jinsi ya kuanza. Kwanza, mwenye maumivu ya kifua, kizunguzungu au shinikizo la damu amwone mganga kabla ya kupanda. Pili, kiti kishushwe hata nyayo zifike chini. Ukiisha kuzoea, kipandishwe mpaka goti likunjike kidogo tu pedeli ikiwa chini. Tatu, breki zote mbili zijaribiwe kila safari. Nne, mzee ambaye nyonga zake zimekaza asione haya kutumia baisikeli ya kike, ile isiyo na chuma cha juu. Wengi wameanguka si kwa kwenda, bali kwa kurusha mguu juu ya chuma hicho. Heri kuchekwa na wajukuu kuliko kuvunjika mfupa wa nyonga, ambao uzeeni hupona kwa shida.

Katika Lamadi yako mambo mengine ya kukumbuka. Barabara kuu ina mabasi na malori yaendayo kasi. Mzee anayejifunza aiepuke, atafute njia za ndani zilizo tambarare. Wakati wa masika udongo mweusi wa mbuga hunata magurudumuni hata yasizunguke. Siku hiyo tembea kwa miguu. Jua likipanda, rudi nyumbani. Wala usingoje giza, kwa kuwa lango la Ndabaka la hifadhi ya Serengeti li karibu, na viboko hutoka ziwani usiku kula majani.

Ninyi watoto na wajukuu, msimkataze mzee kwa hofu tu. Tieni tairi upepo, pakeni mnyororo mafuta, na mmoja wenu afuatane naye siku za kwanza. Akisema, “Niache, mjukuu wangu, nitaweza,” mwache, lakini usiende mbali.

Na wewe mzee, baisikeli iliyotundikwa stoo haijasahau njia. Ishushe, ifute vumbi, anza na robo saa kesho asubuhi kabla jua halijawa kali. Mwenda pole hajikwai.