Herufi kwenye lebo nazo huuza

Nanasi la Kiwangwa likishakaushwa, au chumvi ya Bagamoyo ikishafungwa kwenye pakiti, mnunuzi wa Dar es Salaam hamwoni tena mzalishaji. Anaona lebo. Akishindwa kusoma uzito au tarehe ya mwisho ya matumizi, mkono unakwenda kwenye pakiti ya jirani. Hapo ndipo taipografia, yaani ustadi wa kuchagua na kupanga herufi za chapa, inapogusa mfuko wa mjasiriamali.

Ustadi huo si mgeni pwani. Kiswahili kilikuwa kikiandikwa kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu, kabla Edward Steere wa misheni ya UMCA hajaanza kukichapa kwa herufi za Kirumi Zanzibar katika miaka ya 1860. Mwaka 1903 maelezo ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo kuhusu desturi za Waswahili yalichapwa Göttingen, Ujerumani. Huko Tanga, shule ya serikali ya Wajerumani ilichapa gazeti la Kiongozi hadi 1916.

Kazi ilikuwa ya mkono, kwa njia iliyoenea Ulaya tangu Johannes Gutenberg wa Mainz, karibu mwaka 1450. Mpangaji aliokota herufi za risasi moja moja kutoka kwenye kasha na kuzipanga kichwa chini. Kasha la Kiingereza lina kijumba kidogo tu cha k, na Kiswahili hakiendi bila k. "Kikapu kikubwa kikavu" peke yake kinazo sita.

Kompyuta haiishiwi k, ila inashawishi. Kijana wa kuchapa ana mamia ya aina za herufi, na wateja wengi hutaka zenye mikia na vivuli. Hasara tupu. Aina moja inatosha, mbili zikizidi sana. Ukubwa hupimwa kwa pointi, na pointi 72 ni inchi moja. Uzito ukiandikwa kwa pointi 5, mzee hausomi. Wino wa njano juu ya karatasi nyeupe haufai, hata kwa asali.

Kabla ya kulipia lebo elfu moja, ichapwe moja kwenye karatasi ya kawaida, kwa ukubwa wake halisi, ibandikwe kwenye pakiti na isomwe jioni, chini ya taa ya dukani, na mtu asiyeijua bidhaa hiyo. Muuza samli aangalie pia kama kile kialama cha "ng'ombe" kimetokea.